KIASI, RISASI NA UPEPO: MAELEZO YA SHABAHA YA MASAFA MAREFU KWA MFANO WA VILIMA VYA KISII NA NYAMIRA

1.0 Utangulizi

Shahidi akisimama kizimbani na kusema kwamba "risasi iliokotwa mlangoni", kauli yake inaweza kueleweka kwa namna tatu. Huenda kilichookotwa ni ganda tupu lililotemwa na bunduki. Huenda ni kipande cha madini kilichoruka kutoka kwenye mtutu na kugonga ukuta. Huenda pia ni risasi nzima ambayo haijafyatuliwa kamwe. Tofauti baina ya maana hizi si ndogo. Ganda tupu huashiria mahali aliposimama aliyefyatua. Kipande kilichoruka huashiria mahali kilipofikia. Risasi nzima haithibitishi hata kidogo kwamba bunduki ililia. Mkalimani anayetumia neno moja kwa vitu hivi vitatu anaweza kumhamisha mshtakiwa kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine bila kukusudia.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, mahitaji ya msamiati sahihi katika nyanja za sheria, usalama na sayansi yameongezeka. Makala haya yanachukua uwanja mmoja mwembamba, yaani shabaha ya bunduki ya masafa marefu penye upepo, na kueleza kwa Kiswahili namna mlengaji anavyoteua risasi anazozijaza kwa mkono wake. Mfano unatolewa kutoka Kisii na Nyamira kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya eneo hili iliguswa na bunduki kwa njia isiyosahaulika, hususan mwaka 1914. Pili, vilima na mabonde yake yanaonyesha vyema jinsi upepo unavyomhadaa mlengaji.

2.0 Msamiati wa Bunduki katika Kiswahili

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumzia bunduki. Maneno bunduki, baruti na risasi yote yana asili ya Kiarabu, na neno la mwisho lilimaanisha kwanza madini ya risasi, kisha kitu kilichotengenezwa kwa madini hayo. Gobori, ambayo hujazwa kupitia mdomo wa mtutu, ilikuwa na kitenzi chake: ilishindiliwa. Mwenye gobori alimimina baruti, akatia kitambaa au ufumwele, akatia kipande cha risasi, kisha akashindilia kwa mti. Vijipande vidogo vya kuwindia ndege viliitwa marisau. Fataki ndiyo iliyotoa cheche ya kuwasha baruti.

Neno lenye manufaa zaidi kwa mada hii ni kiasi. Katika Kiswahili cha karne ya 19, kiasi cha bunduki kilikuwa ile risasi iliyokamilika, yenye baruti iliyokwisha kupimwa tayari kwa kutiwa bundukini. Maana hii imefifia katika matumizi ya leo, ambapo kiasi ni kipimo au kadiri tu. Hata hivyo, maana zote mbili zinakutana katika kazi ya mlengaji: risasi bora ni ile ambayo kila kitu ndani yake kimetiwa kwa kiasi.

Kwa ajili ya uwazi, makala haya yanatumia istilahi tano. Kiasi ni risasi nzima. Ganda ni kopo la shaba nyeupe au la chuma linaloshika vitu vingine. Fataki ni kiwashio kilicho katika kitako cha ganda. Baruti ni unga au chembe zinazoungua na kutoa gesi. Kichwa ni kile kipande kinachoruka. Kiasi kilichotiwa baruti na kichwa na mlengaji mwenyewe, badala ya kiwandani, kinaitwa hapa kiasi cha kujaza kwa mkono.

3.0 Kisii, Septemba 1914

Abagusii walikutana na bunduki za Waingereza kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Misafara ya kijeshi ya mwaka 1905 na 1908 iliwakabili watu waliokuwa na mikuki, pinde na ngao. Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa wilaya, naye Northcote akanusurika. Msafara wa adhabu ulifuata. Mkuki unadai kwamba mpiganaji amkaribie adui. Bunduki haidai hivyo. Pengo hilo la masafa ndilo lililoamua mengi siku hizo, wala si uhaba wa ushujaa.

Mwaka 1914 hali ilikuwa tofauti. Wiki chache baada ya vita kuzuka Ulaya, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuingia katika mji wa Kisii, ambao wenyeji waliuita pia Getembe au Bosongo. Tarehe 12 Septemba 1914 kikosi hicho kilishambuliwa na kampuni za King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili waliliita Keya. Kepteni Thorneycroft, aliyeongoza upande wa Keya, aliuawa. Wajerumani nao walipata hasara, wakarudi kuelekea mpakani. Mji ulioachwa bila mwenyewe uliporwa, na serikali ya kikoloni ikawaadhibu wenyeji kwa kuwatoza ng'ombe. Baadaye wanaume wengi wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo.

Katika mapigano haya pande zote mbili zilikuwa na askari Waafrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha askari hao kambini na safarini. Ni haki basi kwamba Kiswahili kitumike kueleza silaha walizozibeba.

Silaha zenyewe zilikuwa katika kipindi cha mpito. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikuwa amevumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, na majeshi ya Ulaya yakaibadilisha mitutu na viasi vyao. Hata hivyo, mwaka 1914 makampuni mengi ya askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki yalikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, zenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali alipolala mfyatuaji. Waingereza walitumia bunduki za .303 zenye baruti isiyo na moshi.

Mabadiliko ya vichwa ni somo muhimu zaidi kwa mlengaji. Kichwa cha zamani cha .303 kilikuwa na ncha butu na uzito wa gramu 13.9, nacho kilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 628 kwa sekunde. Mwaka 1910 Uingereza ilipokea kichwa chenye ncha kali, chenye gramu 11.3 na kasi ya takriban mita 744 kwa sekunde. Wajerumani walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo: kutoka kichwa butu cha gramu 14.7 walihamia kichwa chenye ncha cha gramu 10 hivi, kilichokaribia mita 880 kwa sekunde. Kwa masafa ya kawaida ya vita, kichwa hiki chepesi kilikuwa na faida kubwa. Lakini katika masafa marefu kasi yake ilipotea upesi. Ndipo katika miaka ya vita hivyo Wajerumani wakatengeneza, hasa kwa ajili ya bombomu, kichwa kizito cha gramu 12.8 ambacho nyuma yake pia imechongoka kama tezi la mashua. Baadaye kichwa hicho ndicho kilichokuwa cha kawaida jeshini mwao. Kwa nini jeshi lililotafuta wepesi na kasi lilirudia uzito? Jibu limo katika hewa na upepo.

4.0 Upepo Unavyokipotosha Kichwa

Watu wengi hudhani kwamba upepo hukisukuma kichwa jinsi mkondo wa mto unavyousukuma mtumbwi unaovuka. Dhana hiyo ina kosa. Mtumbwi huchukuliwa na mkondo kwa muda wote uliomo mtoni. Kichwa kilicho hewani hakichukuliwi hivyo. Kwa kuwa kinazunguka kwa kasi kubwa na kuelekeza ncha yake kule hewa inakotoka, kichwa hugeuka kidogo kuuelekea upepo. Ukinzani wa hewa, ambao humvuta nyuma, huwa sasa unamvuta nyuma na kando kwa pamoja. Hivyo basi, upotovu wa kando ni mtoto wa ukinzani. Pasingekuwa na ukinzani, upepo usingekuwa na njia ya kukishika kichwa.

Kutokana na hali hiyo, kanuni ya kukadiria upotovu ni rahisi. Chukua muda halisi ambao kichwa kinatumia kufika kwenye shabaha. Toa muda ambao kingetumia kama kingesafiri katika ombwe kwa kasi ile ile ya kutoka mtutuni. Baki ni ucheleweshaji. Zidisha ucheleweshaji huo kwa kasi ya upepo unaokata njia kwa pembe mraba, nawe utapata upotovu.

Tuchukue mfano wa kihesabu wa vichwa viwili na shabaha iliyo mita 500. Kichwa cha kwanza ni kizito na kimechongoka. Kinatoka kwa mita 800 kwa sekunde. Katika ombwe kingefika kwa sekunde 0.625, lakini hewani kinafika kwa sekunde 0.78. Ucheleweshaji ni sekunde 0.155. Kichwa cha pili ni chepesi na kifupi. Kinatoka kwa mita 900 kwa sekunde. Katika ombwe kingefika kwa sekunde 0.556 hivi, na hewani kinafika kwa sekunde 0.77. Ucheleweshaji ni sekunde 0.214. Upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde, kichwa cha kwanza kitapotoka sentimita 62 na cha pili takriban sentimita 86.

Mambo mawili yanadhihirika. Kichwa chepesi kilitangulia kufika, ila kilipotoka zaidi. Kasi ya kutoka mtutuni, ambayo wengi huisifia, si kinga tosha. Aidha, kama dhana ya mtumbwi ingekuwa kweli, kichwa cha kwanza kingepotoka zaidi ya mita 3, jambo ambalo halitokei.

Kisii na Nyamira zinaongeza jambo la tatu. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Ukinzani hupungua, ucheleweshaji hupungua, na kwa hiyo upotovu pia hupungua. Bunduki iliyorekebishwa Mombasa kwa masafa marefu itapiga juu ya shabaha ikiletwa Kisii bila kurekebishwa upya. Kila chombo kwa wimbile.

5.0 Kuteua Kiasi cha Kujaza kwa Mkono

Katika mashindano ya masafa marefu duniani, kama yale ya Bisley nchini Uingereza, ambako uwanja ulifunguliwa mwaka 1890, kuna aina za mashindano ambapo walengaji huruhusiwa kutumia viasi walivyovijaza wenyewe. Baadhi yake hufikia yadi 1,200, ambazo ni karibu mita 1,100. Sababu ya kujaza kwa mkono si kupata nguvu nyingi. Sababu ni kupata usawa na kukioanisha kiasi na mtutu mmoja mahususi. Uteuzi hufuata hatua ambazo zimepangwa hapa kwa mantiki ya kazi yenyewe.

Kwanza ni kichwa. Kwa mtutu wa kipenyo kilekile, kichwa kirefu, kizito, chenye ncha kali na nyuma iliyochongoka hupenya hewa kwa urahisi zaidi. Hili ndilo somo la kichwa cha gramu 12.8. Mlengaji wa penye upepo huanza na umbo, kisha ndipo afikirie kasi.

Pili ni mzunguko. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyopindwa ambayo hukizungusha kichwa. Mtoto anayecheza pia anajua kwamba pia isiyozunguka vya kutosha huyumba na kuanguka. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa kasi zaidi kuliko kifupi. Hivyo basi mlengaji hawezi kuchagua kichwa kirefu apendavyo. Mtutu wake ndio unaoweka mpaka. Kichwa kisichotulia huruka kwa kuyumba, na faida yote ya umbo lake hupotea.

Tatu ni baruti. Kuna baruti zinazoungua haraka na zinazoungua polepole. Kichwa kizito kwa kawaida huhitaji baruti ya polepole zaidi ili kisukumwe kwa muda mrefu bila shinikizo la ghafla. Isitoshe, baruti nyingi huongeza shinikizo zinapopata joto. Kiasi kilichoachwa juani adhuhuri hakitakuwa sawa na kile kilichopimwa asubuhi ya ukungu. Viwango vya kutia hutolewa na watengenezaji wa baruti katika vitabu vyao, na anayejaza huanza na kiwango cha chini na kupanda kidogo kidogo bila kuvuka kikomo. Kuvuka kikomo ni kuhatarisha macho, mikono na uhai.

Nne ni usawa. Katika mita 900, tofauti ya mita 10 kwa sekunde baina ya kiasi kimoja na kingine huweza kupandisha au kushusha pigo kwa takriban robo ya mita. Kwa sababu hiyo mlengaji hupima uzito wa baruti kwa makini, hutenganisha maganda kwa asili na ujazo, na huhakikisha kwamba vichwa vyote vimetiwa kwa kina kimoja. Kisha hupima kasi ya mfululizo wa mapigo. Kiasi kinachochaguliwa si kile chenye kasi ya juu kabisa, bali kile ambacho kasi zake hazitofautiani sana na ambacho mapigo yake yanakusanyika pamoja katika masafa yenyewe ya mashindano. Kiasi kinachopendeza katika mita 100 huenda kikaaibisha katika mita 900.

6.0 Kusoma Upepo wa Vilimani

Baada ya kazi hiyo yote, upepo bado upo. Kwa kichwa cha kawaida cha .308 cha mashindano, kukosea kwa mita 1 tu kwa sekunde katika kukadiria upepo huhamisha pigo kwa takriban nusu mita katika masafa ya mita 900 karibu na usawa wa bahari. Kiasi bora hupunguza adhabu ya kosa, hakiliondoi kosa.

Mwelekeo ni jambo la kwanza. Upepo unaokata njia kwa pembe mraba una athari kamili. Ukija kwa digrii 45 athari yake ya kando ni karibu saba ya kumi, na kwa digrii 30 ni nusu. Unaotoka mbele au nyuma kabisa hauhamishi pigo kando, ingawa upepo wa aina hiyo ukiyumba kidogo tu huanza kuleta upotovu ambao mlengaji hakuutarajia.

Mahali pa upepo ni jambo la pili. Upepo ulio karibu na mlengaji huathiri zaidi kuliko ulio karibu na shabaha, kwa kuwa kichwa kilichopotoshwa mapema huendelea na mwelekeo huo njia nzima. Bendera iliyo kwenye shabaha huonekana vizuri, lakini si shahidi mkuu.

Vilima vya Kisii na Nyamira vinaifanya kazi hii kuwa ngumu. Asubuhi ukungu hulala mabondeni na hewa hutulia. Kufikia alasiri, upepo kutoka upande wa Ziwa Viktoria hupanda vilimani na kukutana na pepo za mashariki, na mara nyingi mvua ya radi na ya mawe hufuata. Mtu aliyesimama kwenye ukingo wa Manga akitazama ng'ambo huona majani ya migomba yaliyo karibu naye yametulia, mikaratusi ya mbali inainama upande mmoja, na moshi wa jikoni bondeni unapanda wima kisha kuvunjika. Kila kimoja kinasema kweli kuhusu mahali pake tu. Kichwa kinachovuka kutoka ukingo hadi ukingo hupita juu sana kutoka sakafu ya bonde, ambako hakuna jani wala moshi wa kukitolea ushahidi. Jua likiwaka, mazigazi yanayoonekana katika darubini husaidia: yakichemka kwenda juu, upepo ni mdogo au unafuata njia, yakitiririka kando, upepo unakata njia.

Ni rahisi kuwazia ugumu waliokuwa nao askari wa mwaka 1914 katika mazingira haya, bila kipima upepo na bila kiasi walichojichagulia. Wahenga walisema kwamba mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Katika masafa marefu yenye upepo usiojulikana, hata anayelenga mtu mmoja huwa kama aliyelenga kundi.

7.0 Sheria na Usalama

Maelezo haya hayamruhusu mtu kutengeneza kiasi nyumbani. Nchini Kenya umiliki wa silaha na risasi pamoja na utengenezaji wake vinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na anayehusika nazo bila kibali hutenda kosa. Risasi za vyombo vya usalama hutengenezwa katika kiwanda cha serikali mjini Eldoret. Mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji kuielewa taaluma hii kama mfasiri, mkalimani, mwandishi au mwanahistoria, wala hahitaji kuwa na bunduki.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uteuzi wa kiasi kwa ajili ya shabaha ya masafa marefu huongozwa na ucheleweshaji wa kichwa hewani zaidi kuliko kasi ya mtutuni. Kwamba usawa wa viasi hutangulia nguvu. Na kwamba usomaji wa upepo hubaki kuwa kazi ya mwanadamu. Yameonyesha pia kwamba haya yote yanasemeka kwa Kiswahili, tena kwa maneno ambayo mengi yamo katika lugha kwa zaidi ya karne moja.

Inapendekezwa kwamba waandishi wa istilahi na walimu wa ukalimani watenganishe wazi ganda, fataki, baruti, kichwa na kiasi, na kwamba neno risasi libakie kuwa la jumla. Familia nyingi za Gusii zilipoteza watu na mifugo kwa sababu ya silaha ambazo hazikuwa na maelezo katika lugha yoyote waliyoifahamu. Wazao wao wanaofika mahakamani leo, wakiwa mashahidi, walalamishi au washtakiwa, wanastahili lugha inayoweza kusema bila utata ni kitu gani hasa kiliokotwa mlangoni.